Mipigo Miwili ya Mzee Shaban

Uligeuza uso. Usinibishie, nilikuona. Jumapili iliyopita, saa kumi kasoro robo, ulikuwa nyuma ya kamba upande wa kushoto wa shimo la kumi na nane, na mzee wa watu alipofanya kosa ambalo mji huu ulimfundisha kwa miaka arobaini, wewe ulikuwa unatafuta mtandao kwenye simu. Na wewe mwingine uliyebaki nyumbani, uliyesikia kwamba mashindano makubwa ya gofu ya nchi nzima yamekuja Tabora ukasema "mambo ya wakubwa hayo" ukaendelea kupepeta mchele wako, usicheke. Wewe uligeuza uso siku nne kabla ya mwenzio.

Nakusimulia kwa utaratibu, kwa sababu juzi nilipita sokoni nikakuta kisa kimeshaota mikia. Mmoja anasema kedi, mbeba begi la fimbo za mchezaji, kaiba mpira. Mwingine anasema mchezaji wetu Lugembe kafukuzwa uwanjani. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyefukuzwa. Kilichotokea ni kibaya kuliko hivyo, na kilitokea mchana kweupe mbele ya watu mia nne.

Uwanja wa Kaze unaujua, hata kama hujawahi kuvuka geti lake. Ukitoka Isevya kwa miguu haiishi saa nzima. Waliuchonga Waingereza wa reli na wa bomani. Walikata miombo, wakayaacha majabali palepale kwa kuwa hayakukatika, na walipoondoka wakatuachia mashimo kumi na nane bila bomba hata moja. Kwenye viwanja vyenye maji, pale shimo lilipo huoteshwa nyasi fupi, laini kama zulia, na pahala hapo panaitwa griini. Kaze hapakuwa na maji ya kuotesha zulia. Kila shimo lilizungushiwa duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya injini, ukashindiliwa mpaka ukawa na rangi ya kahawa. Sisi tukaliita brauni.

Brauni ina adabu zake. Nyayo zinaibonyeza, mpira unapotua unaichimba. Basi kabla mchezaji hajausukuma mpira wake kuelekea shimoni, kedi anachukua gunia lililofungwa kwenye mti, analiburuza kutoka shimoni mpaka mpira ulipo, unabaki ukanda laini wenye upana wa gunia. Tunaita kufungua njia. Kaze, kedi asiyefungua njia si kedi, ni mtu aliyebebeshwa begi.

Na hakuna aliyefungua njia kama Mzee Shaban. Alianza ule mwaka wa foleni za sabuni, akiwa kijana wa ishirini na kitu, na mpaka leo ana begi la mtu begani. Wakubwa wote waliopita Tabora, wa reli, wa tumbaku, wa benki, wamesukuma mipira yao juu ya ukanda wa Shaban. Anaburuza gunia kwa hatua fupi fupi, mgongo umenyooka, hasemi kitu, na akimaliza anasimama pembeni anasema, "Njia iko wazi." Maneno hayo matatu nimeyasikia tangu nikiwa kedi mwenyewe, kabla sijafukuzwa kwa sababu ambazo si za leo.

Njia ya misafara ilipita hapo hapo Kaze. Shimo la saba limelala juu yake. Ukisimama mahali pa kupigia unaiona inavyoshuka, pana kuliko njia ya ng'ombe, kuelekea mashariki. Babu wa babu yake Shaban aliipita na frasila mbili za pembe kichwani mpaka Bagamoyo, akarudi na kaniki ambayo haikuwa yake. Mimi huwa namwambia Shaban: mpagazi na kedi ni ukoo mmoja, kabeba mali, jina la safari likawa la mwenye mali. Yeye hunicheka.

"Mpagazi alikuwa anaimba," ananiambia. "Mimi nikiimba naambiwa namharibia bosi mkono."

Zamani tulikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni Jumatatu. Klabu ilifungwa siku hiyo, wanachama wakaenda kazini, na uwanja ukawa wa makedi na wakazi. Tulicheza kwa fimbo zilizochomelewa, watatu fimbo moja. Hapo ndipo alipoota Lugembe, mtoto wa Yustina anayeshona sare za shule pale Isevya. Alianza kumbebea Shaban gunia, akaja kuwa kedi, na leo ana miaka ishirini na tisa na ana mkono ambao sijauona kwa mtu mwingine, nami nimewaona wengi.

Mwaka jana wakachimba kisima. Wakaondoa brauni zote, wakaotesha griini, kwa sababu mashindano ya taifa yalikuwa yanakuja na wageni hawawezi kusukuma mipira kwenye oili. Sikatai. Nyasi ni nzuri. Ila siku nyasi zilipoota, tangazo likabandikwa mlangoni: makedi wasikanyage griini, nyasi ni changa. Na Jumatatu zimesimamishwa. Mwanachama akifika griini, kedi anabaki ukingoni na begi lake kama mtu aliyezuiwa mlangoni kwa kuvaa ndala. Miezi kumi na moja. Nyasi zilikomaa, tangazo likabaki.

Lugembe akawa anafanya mazoezi kwenye sakafu ya saruji ya godauni la tumbaku lililotupwa, anasukuma mpira kuelekea kopo la maziwa. Nami, fundi baiskeli, nikawa nawasomea makedi sheria za gofu jioni nyuma ya kibanda changu. Kitabu kilitupwa na daktari mmoja mgeni alipohama hospitali ya Kitete. Kiingereza changu chote kimetoka humo; naweza kukueleza kwa Kiingereza mpira ukibebwa na mbwa ufanye nini, lakini siwezi kuagiza chai. Lugembe hakukosa hata jioni moja. Mzee Shaban alikuja mara moja. Siku hiyo tulikuwa kwenye sheria ya mchanga. Nikasoma: mchanga ulio juu ya griini unaruhusiwa kuufagia, mchanga ulio nje ya griini, hata kwa unyayo mmoja, huruhusiwi kuuondoa kwenye njia ya mpira wako. Adhabu mipigo miwili. Na kosa la kedi ni kosa la mchezaji.

"Ngoja," akasema Shaban. "Mchanga wa huku halali, wa kule haramu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ni mchanga uleule?"

"Uleule."

"Huo mpaka kauweka nani, malaika?" Makedi wakaangua kicheko. Akajipangusa suruali akanyanyuka. "Wewe soma, mwanangu. Mimi acha nikalale."

Hakurudi tena, na mimi sikumfuata. Hilo liandike upande wangu.

Lugembe alishinda mchujo wa kanda akaingia kwenye mashindano, kedi pekee wa Kaze kati ya wachezaji sitini na wanne, na begi lake akalibeba Mzee Shaban. Alhamisi asubuhi, kwenye ufunguzi, mwenyekiti wa klabu, Bwana Emilian, akashika kipaza sauti. Ni mtu mpole, hapandishi sauti, na hicho ndicho kinachotuponza. Akasema, "Najua vijana wetu makedi wana manung'uniko. Mimi natoa ahadi mbele yenu. Kedi wetu mmoja tu akiingia katika tatu bora, griini za Kaze tutazifungua kwa makedi wote, na Jumatatu zitarudi."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga. Niliyemwona hakupiga ni Lugembe. Alikuwa anafunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga upya.

Kwa asiyejua mchezo huu: kila shimo lina idadi ya mipigo ambayo hodari anatakiwa kulimaliza kwayo, tatu, nne au tano. Ukizidisha, unahesabiwa ziada. Siku nne, mashimo kumi na nane kila siku, na mwenye ziada ndogo kabisa ndiye mshindi. Kwenye viwanja vya wenzetu bingwa humaliza bila ziada, tena akiwa amebakiza. Agosti ya Tabora haikutaka habari hizo. Upepo wa kipupwe ulitoka mashariki tangu asubuhi, ardhi imekauka, griini zimekuwa ngumu kama sahani. Mpira uliopigwa kwa ufundi wote wa Dar es Salaam ulitua katikati, ukadunda, ukapita upande wa pili, ukagonga jabali ukarudi porini kwenye miiba. Ijumaa niliona bingwa wa miaka miwili akipiga saba kwenye shimo la mipigo mitatu, akakaa juu ya begi lake akaomba maji.

Lugembe hakushangaa kitu. Griini ngumu kwake ilikuwa ni sakafu ya godauni tu. Wenzake walisukuma kwa nguvu, yeye aligusa kama anayemwamsha mgonjwa. Alhamisi ziada mbili. Ijumaa zikawa tano. Jumamosi zikafika saba, na jina lake likapanda kwenye ubao mpaka nafasi ya nne, na Jumapili ndiyo mliyoiona: watu wa Isevya wanaingia getini kwa mara ya kwanza, akina mama na kanga zao za Ijumaa, vijana wa bodaboda, waumini waliotoka misa ya pili bado na vitabu vyao kwapani.

Nilisimama karibu na Ummy, anayeuza kahawa na kashata stendi. Alikuja na birika lake, akakatazwa kuuza, akaingia nalo hivyohivyo.

"Sasa huyu kijana mbona anatembea tu?" akaniuliza. "Mchezo unaanza saa ngapi?"

"Ndio huu, Ummy."

"Huu? Tangu shimo la kwanza hajakimbia!"

"Hawakimbii."

"Ndio maana wazee wa benki wanaupenda." Akamimina kahawa kikombe kimoja akanipa, bure, kwa kuwa kuuza kumekatazwa. "Na Shaban kabeba nini humo, jiko la mkaa?"

"Fimbo kumi na nne."

"Na anatumia mbili! Wanaume kwa kupenda mizigo."

Lakini kufika shimo la kumi na mbili, Ummy yuleyule alikuwa hapumui. Mpira wa Lugembe uliingia kwenye miombo, nyuma ya kichuguu. Mtu mwingine angelazimisha kuupitisha juu. Lugembe akamwangalia Shaban, Shaban akanyoosha kidole pembeni, si mbele, kwenye mwanya mdogo ambao ng'ombe wa Kaze huupita jioni. Akapiga chini chini, mpira ukapita kwenye mwanya, ukatoka. Ukoo mzima wa Isevya ukapiga vigelegele, na mwamuzi mwenye kofia nyeupe akaweka kidole mdomoni.

"Katunyamazisha?" akauliza Ummy.

"Ni utaratibu."

"Kwao kukifurahiwa kunakuwaje?"

Tukafika shimo la kumi na nane. Hapa nataka unisikilize vizuri, maana hapa ndipo ulipoangalia simu.

Lugembe alikuwa na ziada tisa. Wawili walikuwa mbali mbele yake, hawakamatiki. Nyuma yake kulikuwa na mtu wa Moshi aliyekwisha kumaliza, ameketi hemani, ziada kumi. Shimo la mwisho ni la mipigo minne. Akipiga nne, Lugembe ni wa tatu, griini zinafunguliwa, Jumatatu zinarudi. Mpigo wa kwanza mzuri. Mpigo wa pili ukadunda, ukapanda, ukasimama hatua moja na nusu nje ya griini, kwenye nyasi fupi za ukingoni. Pale ruksa kuusukuma mpira kwa fimbo ileile ya griini, na kutoka pale mpaka shimoni palikuwa na kama hatua kumi.

Kabla ya mpigo huo wa pili, mwenzake aliyekuwa anacheza naye, Valentino, kijana wa Arusha, mpira wake ulikuwa umeangukia kwenye shimo la mchanga pembeni. Akaupiga ukatoka, na mchanga ukatoka nao, ukaruka kama maji ya beseni, ukamwagika kwenye ukingo, mbele ya pale mpira wa Lugembe ulipokuja kusimama. Pale pale njiani.

Lugembe alikuwa upande wa pili wa griini, amechuchumaa, anasoma mteremko. Mwamuzi alikuwa kivulini anazungumza na Bwana Emilian. Mzee Shaban akaliweka begi chini. Akatoa taulo begani. Akaanza kwenye mdomo wa griini, akarudi nyuma kwa hatua zake fupi fupi, mgongo umenyooka, anafagia mchanga, mpaka kwenye mpira. Ukabaki ukanda laini, upana wa taulo. Hakuharakisha. Hakuficha. Ulikuwa mkono wa miaka arobaini, haukuwahi kupewa hata Jumatatu moja kujua kwamba nchi imebadilika chini yake.

"Njia iko wazi, mwanangu," akasema.

Lugembe akainua kichwa, akaona. Nilijua kaona, kwa sababu alisimama taratibu kama mtu mwenye maumivu ya kiuno. Kisha akanitafuta mimi kwenye kamba. Kati ya watu mia nne, aliyejua ile sheria upande wetu ni mimi niliyeisoma. Macho yetu yakakutana.

Na mimi nikatikisa kichwa. Kidogo tu. Nyamaza, nilikuwa namwambia. Hakuna aliyeona. Piga.

Nimewapigia kelele wakubwa wa mji huu kwa miaka, nimewataja kwa majina, tangu aliyeuza mabati ya shule mpaka aliyehamisha kisima cha watu kikawa cha kwake. Na siku zamu yangu ilipofika, nilitikisa kichwa.

Akauzunguka mpira. Akausukuma. Ulipanda kwenye griini, ukapinda na mteremko, ukapunguza mwendo, ukasimama shubiri moja kutoka shimoni. Akaenda akaumalizia. Nne. Sijawahi kusikia kelele kama ile Tabora, hata siku za mpira. Ummy alimwaga kahawa yote akidhani anairusha kofia. Vijana wakavuka kamba. Mzee Shaban alikuwa analia waziwazi, amelishika begi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto.

Lugembe alikuwa amesimama mbele ya Valentino. Kwenye gofu mwenzako ndiye anayekuandikia mipigo yako.

"Nne, kaka. Hongera," akasema Valentino.

"Sita."

"Nimehesabu, kaka. Nne."

"Mchanga wako uliomwagika ukingoni. Umefagiwa kabla sijapiga. Andika sita."

Valentino akatazama pale ukingoni, ukanda bado unaonekana. Akafunga kalamu. "Mimi sikuona," akasema polepole. "Unanielewa? Mimi sikuona kitu."

"Najua. Niliona mimi."

Mwamuzi akaitwa. Akaja na kitabu kipya, kinene kuliko changu, akafungua, akauliza nani amefagia. Lugembe akasema, "Kosa ni langu." Na kwa sheria hakudanganya. Sita zikaandikwa. Ziada kumi na moja. Nafasi ya nne.

Kelele hazikukatika ghafla. Ziliisha kwa mafungu, huku wanajua, kule bado wanaimba. Mzee Shaban akasogea.

"Sita vipi? Nimehesabu mimi mwenyewe."

"Mchanga, mzee," akasema Lugembe.

"Ulikuwa njiani."

"Ulikuwa njiani, ndiyo."

"Sasa ningeuacha?"

Mzee akalitazama taulo lake. Akalikunja mara mbili, mara tatu, likawa dogo, akalitia mfukoni, akalichukua begi akaondoka nalo kuelekea hemani kwa mwendo uleule, kwa kuwa kazi ya kedi haiishi mpaka begi limefika.

Bwana Emilian akaja na mkono wazi. "Lugembe, umetuheshimisha. Uungwana wa namna hii ndio gofu yenyewe." Akamshika bega. "Ila ahadi ilikuwa tatu bora. Na mmeona wenyewe, jamani, vijana wetu bado wanahitaji muda kidogo kuzoea griini."

"Wazoee wapi?" nikamuuliza kutoka kwenye kamba.

Akanitazama kwa ule upole wake. "Kamati itakaa, kaka."

"Mwenyekiti, nimeuliza wapi. Sikuuliza lini."

Akatabasamu, akaenda kugawa vikombe.

Nilimkuta Lugembe nyuma ya hema, anakunywa maji. Nilikuwa na hasira naye, nakwambia ukweli. Nikamwambia, "Nilikupa ishara."

"Niliiona."

"Jumatatu zilikuwa mkononi! Makedi thelathini na sita. Umeziacha kwa ajili ya kiganja cha mchanga?"

"Si wewe uliyenisomea?"

"Nilikusomea ili wasikuonee. Sikukusomea ili ujionee mwenyewe!"

Akanywa, akafuta mdomo. "Bro, ningenyamaza, Jumatatu zingerudi. Sawa. Wa kwanza kufika griini angekuwa Mzee Shaban. Angefagia pale pale ukingoni. Mimi ningemwambia nini? Usifagie, ni kosa? Angeniuliza tangu lini." Akaikunja chupa. "Ningekaa namtazama anafagia mpaka afe."

Nikasema ovyo, nikamwambia ni mjinga. Akakubali kwa kichwa, akaenda kumtafuta mzee.

Nimeyafikiri tangu Jumapili, mikono yangu ikiwa kwenye minyororo ya baiskeli za watu. Nilidhani hasira yangu ni juu ya Emilian. Kisha nikadhani ni juu ya Lugembe. Kumbe inarudi Alhamisi asubuhi, kwenye yale makofi. Mtu alisimama akachukua kitu kilichokuwa chetu, akakitundika kwenye mkono wa kijana mmoja, akasema mkono huu ukitetemeka mmekosa wote. Na sisi tukapiga makofi. Hatukuuliza kwa nini haki ya watu thelathini na sita iwekwe rehani kwenye shubiri moja ya nyasi. Tulifurahi kwamba kuna mchezo wa kutazama. Wapagazi nao, nadhani, walikuwa na siku za namna hiyo. Wanaambiwa mkifika kambi ijayo kabla ya jua kuzama mtapumzika, na wanakimbia, badala ya kuuliza mzigo huu nani kasema ni wangu.

Juzi jioni Mzee Shaban alikuja kibandani kwangu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyetoka homani. Akakaa kwenye tairi.

"Nisomee ule wa mchanga."

Nikamsomea. Akanirudisha nyuma mara tatu. Safari hii hakufanya utani. Mwisho akasema, "Masikio yameelewa. Yalielewa hata siku ile, nilijifanya tu. Mkono ndio haujui." Akaunyoosha mbele yangu, ule wa gunia, vidole havinyooki tena. "Huu haufundishwi kwa kusomewa. Nikanyage zile nyasi mara kumi, ishirini, mtu anishike mkono kila nikienda kufagia. Utajua. Punda anajua, sembuse mkono." Kisha akaniuliza, "Watatufungulia?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia nimesoma na kitabu kingine, katiba ya klabu, nakala iliyopigwa taipu, iliyofungiwa vitumbua nikainunua pamoja na vitumbua vyake. Kifungu cha kumi na nne kinasema Jumatatu uwanja ni wa makedi na wakazi wa mji. Kifungu hakijafutwa. Kufutwa kunataka mkutano wa wanachama na kura, na hakukuwa na mkutano wala kura. Kulikuwa na karatasi na gundi.

"Kwa hiyo hakuna wa kutufungulia," akasema Shaban.

"Hakuna, kwa sababu hapajafungwa."

Nikamwonyesha karatasi ya majina ya watakaoingia Jumatatu. "Niandike," akasema. "Mimi na Lugembe. Niandike wa kwanza."

Wamefika majina kumi na saba. Makedi thelathini na sita, majina kumi na saba, kwa kuwa wengine wanaogopa kunyimwa mabegi, na siwalaumu. Anayemwogopa bosi wake ana watoto. Lakini kifungu kinasema makedi na wakazi. Wakazi ni wewe. Wewe hakuna atakayekunyima begi. Wakiwa kumi na saba watarudishwa getini kwa upole. Mkiwa mia mbili, upole huo utawafungulia geti.

Basi sikiliza. Jumatatu hii, saa moja asubuhi, geti la Kaze. Si mgomo, usije na bango, usije na tusi hata moja. Vaa viatu vya soli laini, maana nyasi ni mali yetu na hatutaki kuzichoma. Kama una fimbo njoo nayo, kama huna utashika ya mwenzio. Kama wewe ni mwanachama, sema leo mbele ya kamati yako kwamba umekisoma kifungu cha kumi na nne. Orodha iko kwenye kibanda changu Isevya, mkabala na mashine ya kusaga, na kalamu imefungwa kwa uzi. Weka chini hili unalolisoma, toka nje, uje uandike jina lako kabla sijafunga.